Pasipoti inakwisha kabla ya viza ya muda mrefu: nihuishe sasa au nisubiri?

Msomi Ugenini anauliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili sasa. Ninasoma shahada ya uzamili nje ya nchi yangu, na niliingia huku kwa viza ya muda mrefu ambayo imebandikwa katika ukurasa wa 11 wa pasipoti. Viza hiyo bado ina miezi 14, lakini pasipoti yenyewe imebakiza miezi 7 tu. Siku nilipokabidhiwa viza niliitazama tarehe ya viza peke yake, wala haikunijia akilini kurudi ukurasa wa mbele na kulinganisha tarehe hizo mbili. Nimeligundua hili juzi, nilipokuwa nikijaza fomu ya kuhudhuria kongamano la fani yangu litakalofanyika katika nchi ya tatu baada ya miezi 4.

Tangu hapo nimeuliza watu wengi, na kila mmoja ana lake. Mwenzangu wa bwenini ananiambia kwamba ubalozi ukishaibatilisha pasipoti ya zamani, kila kilichomo ndani yake kinabatilika pamoja nayo, hivyo nitalazimika kuomba viza upya kana kwamba ndiyo kwanza ninakuja. Mwingine anashikilia kwamba viza haiguswi hata kidogo. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba kwenye stika ya viza imechapwa namba ya pasipoti yangu ya sasa, nami najua kwamba pasipoti mpya itakuja na namba nyingine. Afisa wa mpakani atakaponiona nimeshika kitabu chenye namba hii na viza yenye namba ile, nitamweleza nini?

Kuna na jambo la tatu. Nchi ninayosoma haina ubalozi wetu. Ubalozi unaotuhudumia uko nchi jirani, mwendo wa saa 6 kwa treni, na mwombaji anatakiwa afike mwenyewe kwa ajili ya picha na alama za vidole. Nikiiacha pasipoti huko, nitavuka vipi mpaka kurudi chuoni? Naomba mnieleze kwa utaratibu, hasa ninyi mliokwisha kulipitia hili, kwa sababu nikikosea hatua moja ninaweza kupoteza mwaka mzima wa masomo.

Karani Mstaafu anajibu:

Binti yangu, swali lako nimelisikia dirishani mara nyingi nilipokuwa nikifanya kazi katika ofisi ya ubalozi, na karibu kila aliyeliuliza alikuwa amechanganya vitu viwili ambavyo kila kimoja kina mwenyewe. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na wewe umekabidhiwa uitumie. Viza ni neno la serikali ya nchi uliyoko, limeandikwa kwenye karatasi, na karatasi ikabandikwa ndani ya mali ya serikali nyingine. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli, katika ibara yake ya 5, unataja miongoni mwa kazi za ofisi za kikonseli utoaji wa pasipoti kwa raia wake na utoaji wa viza kwa wanaotaka kwenda katika nchi yake. Ubalozi wako haukupewa uwezo wa kufuta viza iliyotolewa na serikali nyingine. Kwa hiyo mwenzako wa bwenini amekosea, kwani kinachobatilishwa ni kitabu tu. Hatari iliyopo ni kwamba karatasi iliyobeba ruhusa yako inaweza kuharibiwa wakati kitabu kinabatilishwa, na hilo ni jambo ambalo wewe mwenyewe unaweza kulizuia.

Anza kwa kutambua ruhusa yako ya kukaa imehifadhiwa wapi, kwa maana nchi hazifanani katika hili na majibu yote yanayokuchanganya yanatoka hapo. Katika baadhi ya nchi ruhusa imo kwenye stika. Marekani wameliandika wazi: viza ambayo muda wake haujaisha na ambayo haijaharibika inaendelea kutumika hata kama imo ndani ya pasipoti iliyokwisha muda, mradi msafiri abebe pasipoti zote mbili, zote ziwe za nchi moja na za aina moja, na asithubutu kuibandua stika ili aihamishie kwenye pasipoti mpya, kwa sababu kuibandua ndiko kunakoiharibu. Afisa wa mpakani huisoma viza katika kitabu cha zamani, kisha hugonga muhuri katika kitabu kipya na kuandika kwamba viza imo katika pasipoti nyingine. Kwa hiyo tofauti ya namba unayoihofia ni jambo ambalo maafisa hao hukutana nalo kila siku. Utampa vitabu vyote viwili kwa pamoja, cha zamani kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wa viza, na hutakuwa na haja ya maelezo marefu.

Katika nchi nyingine ruhusa imo kwenye kompyuta za Uhamiaji, na stika au kadi ni kivuli chake tu. Uingereza imehamia huko: muda ulioandikwa kwenye kadi nyingi za ukaazi uliisha tarehe 31 Desemba 2024, na sasa ruhusa ya mtu imefungwa kwenye akaunti ya intaneti ambamo imeandikwa namba ya pasipoti anayosafiria. Australia nao huunganisha viza na namba ya pasipoti bila kubandika chochote. Katika nchi za aina hii kubeba pasipoti ya zamani hakukusaidii sana. Kinachotakiwa ni kuingia kwenye akaunti yako mara tu unapopokea kitabu kipya na kuwasilisha namba mpya, kabla hujakata tiketi. Nimewaona watu ambao ruhusa zao zilikuwa nzima kabisa wakizuiwa kupanda ndege, kwa sababu kaunta ya shirika iliuliza namba ya kitabu kipya na mfumo ukajibu kwamba haumjui mtu huyo.

Kisha kuna nchi zinazokupa muda maalumu wa kutoa taarifa. Sheria ya China, kwa mfano, inamtaka mgeni mwenye kibali cha ukaazi aende kwa polisi wa uhamiaji ndani ya siku 10 pale maelezo yaliyosajiliwa kwenye kibali chake yanapobadilika, na siku 10 zinakwisha upesi kwa mtu aliye katikati ya mitihani. Japani ni nyepesi zaidi, kwa kuwa kadi ya ukaazi ya huko haina namba ya pasipoti. Wewe hukututajia nchi uliyoko, na sikulazimishi uitaje, lakini iandikie ofisi ya Uhamiaji ya hapo kwa barua pepe leo hii, uwaulize mambo mawili tu: je, stika iliyo katika pasipoti iliyobatilishwa inaendelea kutumika ukiibeba pamoja na pasipoti mpya, na je, una siku ngapi za kuwasilisha namba mpya. Jibu lao lichapishe ulitie katika mfuko uleule wa pasipoti. Jibu hilo lina uzito kuliko maneno yetu sote hapa.

Mama wa Wawili anajibu:

Dada, naongeza pale alipoishia mzee kuhusu karatasi kuharibiwa, kwa sababu mimi yalinikuta.

Nilipeleka pasipoti yangu nikiwa na haraka ya kurudi kazini. Mtumishi aliyekuwa zamu aliipokea, akanitolea daftari nisaini, kisha akaivuta mashine ya kutobolea karatasi iliyokuwa kando yake, akaibana pasipoti nzima pamoja na jalada lake, akaikandamiza mara mbili. Nilisikia mlio. Nilipofungua ukurasa wa viza niliona tundu moja limepita katikati ya ile mistari ya herufi na namba iliyo chini ya stika, ile ambayo mashine ya mpakani huisoma. Hakuwa na nia mbaya; alikuwa akifanya kazi yake kama alivyozoea, na mimi sikuwa nimemwambia kwamba mle ndani mna viza yenye miaka miwili mbele. Lakini kwa serikali ya nchi niliyokuwa nikiishi, viza hiyo ilikuwa imeharibika. Niliandika barua, nikaambatisha uthibitisho wa ubalozi kwamba matundu yale ni yao, nikalipa ada upya, na nilikaa miezi 2 bila kuthubutu kutoka nje ya nchi, wakati mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani. Siwezi kukusimulia uchungu wa siku zile.

Nilipohuisha tena baadaye nilikuwa nimejifunza. Nilikunja kipande cha karatasi ya manjano juu ya ukurasa wa viza nikaandika kwa herufi kubwa: "VIZA HAI, TAFADHALI USITOBOE WALA KUGONGA MUHURI HAPA." Pia nilisema kwa mdomo kabla ya kuiachia pasipoti mkononi mwangu. Mtumishi wa safari hiyo alinisikiliza vizuri, akachukua mkasi, akakata kona ya jalada na ya ukurasa wenye picha, basi. Kurasa za katikati hazikuguswa. Kwa hiyo uliza mapema wanabatilisha kwa njia gani, na uombe pasipoti ya zamani irudishwe kwako. Ziko ofisi ambazo huichukua moja kwa moja mwombaji asipotamka kwamba anaihitaji.

Omba vilevile barua fupi ya ubalozi inayotaja namba ya zamani na namba mpya na kueleza kwamba vitabu vyote viwili ni vya mtu mmoja. Baadhi ya nchi huandika maelezo hayo ndani ya pasipoti mpya yenyewe, lakini si zote. Barua hiyo itakufaa hata mahali ambapo hukutarajia, kama vile benki, bima na ofisi ya usajili ya chuo, kwa sababu kote huko ulijiandikisha kwa namba ya zamani.

Na tafadhali, usije ukamsikiliza mtu atakayekushauri useme kwamba pasipoti imepotea ili upewe mpya haraka. Pasipoti ikishatangazwa kupotea, taarifa inaweza kuingizwa katika hifadhidata ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2002 na ambayo maafisa wa mipaka huitazama. Kuanzia hapo kitabu hicho, pamoja na viza yako iliyomo, hakikutii tena hata kama kimelala mezani pako.

Mhandisi wa Mradi anajibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini mimi ningesubiri. Miezi 7 ni mingi. Dada angeenda kwanza kwenye kongamano lake kwa pasipoti aliyonayo, ambayo siku hiyo itakuwa bado na miezi 3, kisha akirudi ndipo aanze mchakato kwa utulivu. Akianza sasa anaweza kujikuta siku ya kongamano pasipoti ya zamani imekwisha kukatwa na mpya haijafika, na hapo atakuwa amekosa vyote viwili. Mimi nilifanya hivyo miaka michache iliyopita na sikupata tatizo.

Karani Mstaafu anajibu:

Ndugu Mhandisi, hofu yako ya kukosa vyote viwili ni ya kweli na nitaigusa, lakini hesabu ya miezi hapa inamgeuka dada yetu. Tarehe iliyoandikwa kwenye pasipoti kuwa mwisho wake, kwa msafiri, si mwisho halisi. Nchi nyingi humtaka mgeni awe na pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele yake, nyingine zikihesabu kutoka siku ya kuingia na nyingine kutoka siku ya kuondoka. Kwa ziara fupi katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi katika mipaka kati yao, sharti ni angalau miezi 3 baada ya siku unayokusudia kuondoka, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Sasa hesabu: miezi 7 ukitoa 4 inabaki 3 siku ya kuwasili. Akikaa huko siku 5 tu za kongamano, siku ya kuondoka itakuwa imebaki pungufu ya miezi 3, na hata sharti hilo lililo jepesi litakuwa limemshinda. Mashirika ya ndege hutozwa faini yakimpakia abiria asiyetimiza masharti, hivyo mtumishi wa kaunta hawezi kumhurumia. Anasoma mfumo wa Timatic wa jumuiya ya mashirika ya ndege, IATA, na kinachoandikwa humo ndicho anachofuata. Aliyesafiri salama na miezi 3 alikuwa akienda nchi isiyodai zaidi.

Tena kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa haraka. Ikiwa kongamano linahitaji viza, viza hiyo itabandikwa katika pasipoti inayokaribia kufa, na atakuwa na stika mbili za kulinda badala ya moja. Na ikiwa atahitaji kuongeza muda wa ukaazi, serikali nyingi hazitoi kibali kinachopita tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kanada ni mfano unaojulikana sana kwa vibali vya masomo, na Marekani afisa wa mpakani anaweza kukupunguzia muda wa kukaa uishie siku pasipoti inapoishia, hata kama viza yako ni ndefu kuliko hapo. Nimewahi kumpokea dirishani kijana aliyekuwa na mkataba wa kazi wa miaka 3 mkononi na kibali cha miezi 8, naye hakuwa na habari kwamba aliyekifupisha kibali ni yeye mwenyewe kwa kutohuisha pasipoti kabla ya kuomba.

Kuhusu hofu ya kukosa vyote viwili, jibu lake ni kuulizia ubalozi jambo moja kabla ya safari: pasipoti ya zamani inakatwa lini, siku ya kupeleka maombi au siku ya kukabidhiwa mpya? Balozi nyingi huchukua picha, alama za vidole na nakala, zikamrudishia mwombaji kitabu chake akae nacho mpaka kipya kitakapofika. Kama wa kwenu ni hivyo, hakuna siku hata moja atakayokuwa mikono mitupu.

Msomi Ugenini anajibu:

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Dada Mama wa Wawili, pole sana kwa yaliyokukuta. Nimesoma habari ya lile tundu mara mbili, na karatasi ya manjano nimekwisha kuinunua.

Nimefuatilia kama mlivyonielekeza. Ofisi ya Uhamiaji ya hapa imenijibu baada ya siku 3 kwamba viza yangu itaendelea kutumika katika pasipoti iliyobatilishwa, mradi stika isiharibiwe na nisafiri na vitabu vyote viwili, na kwamba nipeleke namba mpya ofisini kwao bila kuchelewa. Nchi ya kongamano nayo inadai miezi 6, kwa hiyo shauri la kusubiri nimeliweka pembeni. Nimeupigia simu ubalozi pia. Wamesema pasipoti ya zamani itakatwa siku nitakapokuja kuchukua mpya, lakini mtumishi mmoja akaongeza kwamba "wakati mwingine" huwa wanaibakiza ofisini. Hilo "wakati mwingine" ndilo linalonisumbua. Wanafunzi wengine wananiambia kwamba kati ya nchi hizi mbili hakuna ukaguzi mpakani, kwa hiyo nirudi tu kwa risiti. Je, ni salama?

Dereva wa Masafa anajibu:

Dada, mimi nimevuka mipaka ya aina hiyo kwa miaka mingi kikazi, na ninakusihi usirudi kwa risiti. Kutokuwapo kwa kizuizi barabarani hakumwondolei mgeni wajibu wa kuwa na hati halali ya kusafiria. Katika nchi za Schengen mpaka wa ndani kwa kawaida hauna ukaguzi, lakini serikali zina haki ya kuurudisha kwa muda na huwa zinafanya hivyo. Ujerumani iliurudisha kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu mwezi Septemba mwaka 2024. Nimeona polisi wakiingia ndani ya treni katikati ya safari na kupita behewa kwa behewa, na anayewaonyesha risiti ya ubalozi anashushwa kituo kinachofuata ili athibitishwe, hata kama mwisho wake ataachiwa. Risiti inaonyesha kwamba umeomba pasipoti. Haionyeshi kwamba una haki ya kuingia nchi unayokwenda. Stika yako ya viza ndiyo inayoonyesha hilo, nayo itakuwa imefungiwa kabatini ubalozini.

Kwa hiyo usiende mpaka uwe na maandishi. Waandikie barua pepe ya heshima, ueleze kwamba unaishi nchi jirani kwa viza iliyobandikwa katika pasipoti hiyo na kwamba bila kitabu hicho huwezi kurudi mahali unapoishi kihalali, kisha uombe wakuthibitishie kuwa utaondoka nacho siku ya alama za vidole. Nijuavyo mimi, mtumishi akielezwa hivyo mapema kabla foleni haijawa ndefu, huwa anaelewa. Waulize pia kama wana utaratibu wa kutuma timu ya kuchukua alama za vidole katika nchi uliyoko, kwa sababu balozi zinazohudumia nchi kadhaa hufanya hivyo mara chache kwa mwaka, na ukibahatika tarehe ikaangukia karibu, safari nzima ya treni inaondoka. Hati ya dharura ya kusafiria usiitegemee kwa jambo hili. Mara nyingi hiyo hutolewa kwa safari moja ya kurudi nchini kwako, na nchi unayosoma inaweza isiikubali kwa kuingia.

Jambo dogo la kuangalia kabla hujasaini fomu ni majina yako. Ukiwa na majina matatu, yaandike kwa tahajia ileile na kwa mpangilio uleule ulio katika pasipoti ya sasa na katika viza. Namba zikitofautiana maafisa wanaelewa, kwa sababu ni lazima zitofautiane. Majina yakitofautiana, hata kwa herufi moja, hapo utaulizwa maswali ambayo pasipoti mbili hazitoshi kuyajibu.

Mama wa Wawili anajibu:

Hilo la majina ni kweli tupu. Mimi nilikuwa nimeolewa katikati ya hapo, na nikaahirisha kubadili jina kwenye pasipoti mpaka viza ilipokwisha, nikashukuru baadaye.

Tiketi ya kongamano nayo usiijaze namba ya pasipoti ya zamani. Mashirika mengi hukuruhusu kukata tiketi kwanza na kuongeza namba baadaye, na ile utakayoijaza hutumwa kwa serikali ya nchi unayokwenda kabla hujafika.

Msomi Ugenini anajibu:

Nimerudi kuwapa taarifa, kwa kuwa nisingependa mwenye shida kama yangu aishie kusoma nusu. Ubalozi umenijibu kwa maandishi kwamba nitaondoka na pasipoti yangu siku ya alama za vidole, na miadi yangu ni baada ya siku 9. Timu ya kuja huku haijapangiwa tarehe, kwa hiyo nitakwenda kwa treni. Fomu nimeijaza nikiwa nimeiweka pasipoti wazi mbele yangu, nikanakili majina herufi kwa herufi. Nimetoa nakala za rangi za ukurasa wa picha, ukurasa wa 11 na kurasa zote zenye mihuri, seti moja nimeiacha chuoni katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Mzee wangu Karani, nina swali moja la mwisho. Viza hii ikishakwisha kabisa na nikapata kibali kingine, pasipoti ya zamani niendelee kuitunza au niirudishe ubalozini?

Karani Mstaafu anajibu:

Marahaba, binti yangu. Itunze, kama sheria ya nchi yako haikudai uirudishe. Viza iliyokwisha haina kazi mpakani, lakini mihuri ya kuingia na kutoka iliyomo humo ni ushahidi wa siku zako. Ukija kuomba ukaazi wa kudumu mahali popote, utatakiwa ueleze ulikuwa wapi na kwa siku ngapi kila mwaka, na kumbukumbu ya mtu haifiki mbali kiasi hicho. Kiweke kitabu hicho mahali pakavu pamoja na ile barua yenye namba mbili, wala usiibandue stika hata itakapokuwa imekwisha muda. Siku ya miadi fika mapema, na kama kuna lolote litakalobadilika dirishani, omba jina la utaratibu wanaoufuata na uandike hapa kabla hujapanda treni ya kurudi. Nitakuwapo jioni yote.